Jagam wa Lorine

Siku ya mahojiano Bravin aliamka kabla ya mkewe, akawasha makaa, akalipiga pasi koti la bluu ambalo Lorine alilivaa siku ya mahafali na hakupata sababu ya kulivaa tena. Bravin ni fundi wa kuchomelea vyuma pale Rongo, mikono yake imejaa makovu ya cheche, lakini asubuhi hiyo aliipitisha pasi kwenye kola kana kwamba anamfuta uso mtoto mchanga. Hakutaka kosa hata moja. Katika nyumba ile ya vyumba viwili kila mtu alikuwa anaiombea siku hiyo, na Mama Roseline, mamake Bravin, alikuwa amefunga kula tangu jana yake na kuwaeleza majirani wote sababu.

Majirani walihitaji kuelezwa, maana udaktari wa Lorine ulikuwa umewachanganya tangu mwanzo. Alipopata shahada yake ya uzamifu, Mama Roseline alisimama kanisani akatangaza kwamba nyumbani kwake sasa kuna daktari. Jumatatu yake akina mama wakaja mlangoni na watoto wenye homa. Lorine akawaeleza kwa upole kwamba yeye amesomea zebaki, ile wanayotumia wachimbaji wa Osiri kukamatia dhahabu, na namna inavyowaingia mwilini wanawake wanaoosha mchanga kwa mikono mitupu. Wakamsikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha mmoja akauliza, "Sasa hata dawa ya homa haiko?" Tangu hapo mtaani anaitwa daktari wa karatasi, na mama mkwe wake akisikia hivyo hugeuza uso.

Na karatasi yenyewe ilikuwa haijamlisha mtu. Lorine alikuwa mhadhiri wa muda katika kampasi moja nje kidogo ya mji wa Homa Bay, akilipwa wakubwa wakikumbuka, na muhula uliopita hawakukumbuka. Sasa nafasi ya kudumu ilikuwa imetangazwa. Moja tu. Mara ya mwisho nafasi kama hiyo kutangazwa, binti yao Achieng alikuwa bado anatambaa, na sasa Achieng alikuwa amekaa kitandani amevaa sare ya shule, anasoma kitabu kwa sauti ili babake amsikie.

"Mama Achieng," Bravin alisema bila kuinua macho kutoka kwa koti, "mzee yuko sawa leo?"

"Atakuwa sawa."

"Mimi siulizi kama atakuwa. Nauliza kama yuko."

"Jana jioni mkewe aliniambia amekula vizuri. Amecheka. Ameuliza habari ya Osiri."

"Na juzi alikuita jina la dadake aliyekufa."

Lorine akajifanya anatafuta viatu chini ya kitanda.

"Motari alikuita mwaka jana," Bravin akaendelea. "Mkuu wa kitivo mzima. Akakuambia, njoo nikushike mkono mimi. Ukakataa."

"Ningemwacha Prof namna gani?"

"Vile watu huachana! Unamsalimia, unamshukuru, unaenda zako."

"Wewe hujui, Bravin."

"Najua. Wewe unamhurumia huyo mzee kuliko unavyotuhurumia sisi." Akasikia uzito wa maneno yake, akaiweka pasi chini. Achieng alikuwa ameacha kusoma. Bravin akamvalisha mkewe koti, akamnyoosha mabega, akasema kwa sauti ya chini, "Enda tu. Mungu atasimama na wewe."

Kampasi ile ina desturi ambayo haijaandikwa popote. Mtafiti mchanga haingii mbele ya jopo peke yake. Huingia na mwalimu aliyemlea, na mwalimu ndiye huanza kusema: alimtoa wapi, alimfundisha nini, kazi ipi ni ya mtoto na ipi ni ya mzazi. Wajaluo wa pale humwita mwalimu huyo jagam, jina la yule anayesimama katikati ya jamaa mbili msichana anapoposwa, akausifia kila upande mema ya upande mwingine. Siku hizi hata Wakisii na Wakuria wa idarani hulitumia neno hilo. Jagam wako akikusemea vizuri, nusu ya kazi imekwisha. Usipokuja naye, jopo litajiuliza una ila gani hata aliyekulea akakukwepa. Ni desturi nzuri sana, mradi jagam anakumbuka.

Jagam wa Lorine alikuwa Profesa Nicanor Ogola wa Asumbi, na kwa miaka miwili sasa Profesa Nicanor alikuwa anasahau.

*

Lorine alimkuta barazani amevaa suti ya kijivu na kofia yake ya miaka yote. Mkewe, Mama Priscah, ambaye watu humwita Mama Nicholas kwa jina la mtoto wao aliye ng'ambo, alikuwa amepiga magoti anamfunga kamba za viatu. Profesa alipomwona Lorine, uso ukamng'aa.

"Nyathina! Leo ndiyo leo!"

Moyo wa Lorine ukatulia. Alikuwa amemjua. Nyathina, mtoto wangu, ndivyo alivyomwita tangu siku ya kwanza, alipomkuta nje ya ofisi analia kwa kuwa hakuna aliyetaka kusimamia utafiti wa wachimba dhahabu. Maprofesa wengine walisema hakuna hela huko. Nicanor akamwambia, "Hela haiko, lakini watu wako. Twende."

Mama Priscah akamvuta Lorine kando, karibu na tangi la maji.

"Ameamka vizuri. Ametaja mpaka jina la Achieng."

"Asante Mungu."

"Lakini usimwache aseme sana. Akianza kuzungukazunguka, mshike hapo kwa maneno, vile wewe hufanya." Akamshika Lorine mkono, na macho yake yakawa mekundu. "Amebakisha mwaka huu tu astaafu. Wakijua, watamrudisha nyumbani kama mgonjwa. Kijiji chote kitakuja kumwangalia. Umetubeba mpaka hapa, mama. Usituangushe."

"Siwezi, Mama Nicholas."

Ilianza kidogokidogo. Profesa alirudia mhadhara uleule, na wanafunzi wakacheka. Wiki iliyofuata Lorine akakaa naye darasani ili amkumbushe. Baadaye akawa anafundisha yeye, Profesa ameketi pembeni anaitikia kwa kichwa. Baadaye akawa anatunga mitihani yake, anaisahihisha, anaweka maksi kwa jina la Profesa. Na katika vikao vya idara, ili mtu asishangae mbona mzee yuko kimya, Lorine alisimama akasema, "Profesa anasema hivi," "Profesa amegundua vile." Aliyegundua alikuwa yeye. Aliyelala Osiri kwenye vumbi alikuwa yeye. Lakini alilisema jina la Nicanor mbele ya kila jambo, kwa heshima kwanza, kisha kwa mazoea, na wenzao wakawa wanasema mzee bado ana moto.

Hakuna aliyemtuma. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma Bravin, na labda alikuwa na haki.

Lorine akakaa kwenye usukani wa gari la Profesa, Profesa akakaa kando yake. Yeye ndiye aliyemfundisha kuendesha, katika gari hilihili, kwenye njia ya mashimo ya kwenda Osiri, akimcheka kila gari lilipozima. Sasa Mama Priscah alikuwa amemficha mzee ufunguo, na Lorine ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha.

"Prof, tujaribu kidogo," alisema walipoingia barabarani. "Ukiulizwa, huyu unayemleta ni nani?"

"Ni Daktari Lorine Awuor," akasema Nicanor papo hapo. "Mwanafunzi wangu bora kuliko wote niliofundisha. Na nimefundisha wengi, wengine leo ni mawaziri, hawana akili ya huyu."

Lorine akacheka, machozi yakamlengalenga. "Ya mawaziri uache, Prof."

"Niiache kwa nini? Ni kweli." Akageukia dirishani, akaendelea mwenyewe, bila kuulizwa. "Wale akina mama walikataa kukatwa nywele. Unakumbuka? Tulitaka nywele kidogo tu, za kisogoni, tukapime zebaki. Wakasema, kwani nani amekufa? Kwetu nywele hukatwa matanga yakiisha. Ukashika makasi pale, umekwama. Nikavua kofia, nikakaa kwenye ndoo, nikakwambia, anza na mimi."

"Nikaanza na wewe."

"Ukanikata vibaya! Priscah alikasirika mwezi mzima."

Walicheka wote wawili. Lorine akahesabu jambo hilo kuwa ishara njema, na kwa mara ya kwanza katika majuma mengi akajiruhusu kuona mbele: mshahara unaokuja kila mwisho wa mwezi, Bravin akinunua mashine yake mwenyewe badala ya kuazima, mama mkwe akila. Walipoanza kuliona ziwa, Profesa aliuliza kwa nini hawaendi Osiri leo. Lorine akasema wataenda kesho, na mzee akaridhika.

*

Jopo liliketi nyuma ya meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kijani, Profesa Motari, mkuu wa kitivo, akiwa katikati. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya taratibu, na alipomwona Nicanor akainuka kumsalimia kwa mikono miwili. Wengine nao wakainuka. Nusu ya waliokuwa pale walifundishwa na mzee huyo.

"Haya, jagam," Motari akasema akitabasamu, "tuletee bibi harusi."

Nicanor akasimama. Akavua kofia, akaiweka mezani, akawatazama mmoja mmoja. Alikuwa mzuri kutazama. Akaanza na Osiri, mashimo, vumbi, wanawake wenye watoto mgongoni na mikono ndani ya beseni la zebaki. Sauti yake ikajaa chumba. Lorine akakunja vidole mapajani, anamfuata neno kwa neno.

"Walikataa kukatwa nywele," mzee akasema. "Nikawaambia, akina mama, mimi sikuleta kifo. Nikashika makasi. Nikawakata mmoja mmoja, nikaandika majina yao, nikapeleka maabara. Nikakaa na yale majibu, nikalia. Kwa sababu niliona zebaki hata kwa wasichana ambao hawajaolewa."

Majibu yale aliyalilia Lorine, ofisini mwa Profesa, mlango umefungwa, na Profesa alimpa leso. Lorine akajaribu kumshika kwa maneno, vile alivyozoea. "Profesa anasema kwamba sisi, yaani kwa pamoja…"

"Mwache mzee amalize," mmoja akasema.

"Ni kazi kubwa, Prof," Motari akasema. "Na Daktari Lorine? Nafasi yake ni ipi katika kazi hii?"

Nicanor akageuka akamtazama Lorine. Alimtazama vizuri, kwa upole, kama mtu anayetaka kumtendea mwenzake haki. Lorine akaona kwenye macho yale kwamba ameondoka.

"Huyu?" akasema. "Huyu ni dereva wangu. Dereva mzuri sana. Hana haraka, hanywi pombe."

Jopo likacheka. Na Lorine akacheka nao. Hilo ndilo kosa alilokuja kulijutia kuliko yote, lakini alikuwa amelifanya kwa miaka miwili: mzee akikosea, yeye huwahi kucheka, ili watu wadhani ni utani. Safari hii kicheko chake ndicho kilichomkasirisha mzee.

"Nimesema nini cha kuchekesha?" Nicanor akauliza, na sauti ikapanda. "Mtu akiendesha gari hana heshima? Huyu dada ananifikisha kazini kila siku. Sitaki achekwe mbele yangu."

Mtu akakohoa. Motari akavua miwani yake, akaigeuzageuza.

"Daktari," akasema taratibu, "katika vikao vyetu vyote wewe mwenyewe umekuwa ukisema, Profesa amegundua, Profesa amepima. Sijawahi kukusikia ukisema mimi. Nilidhani ni adabu. Sasa mlezi wako mwenyewe anatuambia hivi. Una la kusema?"

Alikuwa nalo. Lilikuwa fupi: mzee ni mgonjwa, kazi ni yangu, nimekuwa nikimficha. Lorine aliyapanga maneno hayo kichwani yakapangika vizuri. Lakini likitoka la mwisho, watauliza ni nani basi aliyesahihisha mitihani, na maksi za wanafunzi waliokwisha kuhitimu zilitolewa na nani, na hapo hataondoka na kazi wala na jina. Na mzee atayasikia yote hayo amesimama hapo, mbele ya wanafunzi wake wa zamani, kofia mezani. Nicanor alikuwa bado amemwelekea, amemkinga kidogo kwa bega, anamtetea dereva wake. Akafungua kinywa, na maneno yaliyotoka ni yale yaliyozoea kutoka.

"Profesa amesema yote," akasema.

*

Motari alimfuata hadi kwenye veranda. Nicanor alikuwa ametangulia, amesimama chini kwenye maegesho, anaangalia magari bila kulijua lake.

"Lorine, niambie ukweli. Mzee ni mzima?"

Alimuuliza bila ubaya. Ilikuwa nafasi ya pili, na ni mara chache mtu hupewa nafasi ya pili. Lorine akawaza juu ya Mama Priscah na tangi la maji, akawaza juu ya koti alilopigiwa pasi. Miaka miwili ya kudanganya ilikuwa imemfundisha ulimi kazi yake.

"Ni mzima, Prof. Amechoka tu na safari."

Motari akatikisa kichwa polepole. "Basi kama ni mzima, alichosema ni kweli. Nami siwezi kuandika nimemwajiri dereva kuwa mhadhiri." Akamgusa bega. "Nilikuambia uje kwangu. Muhula ujao nitaangalia kama kuna somo moja la muda la kukupa. Sitoi ahadi."

Simu ilikuwa ikitetemeka mkobani. Bravin. Lorine aliiacha itetemeke hadi ikachoka, kisha akashuka ngazi, akamfungulia Profesa mlango, akamfunga mkanda. Mzee akasema asante, dada.

Wakashika njia ya kurudi Asumbi. Lorine aliendesha akilia waziwazi, hakujificha, kwa kuwa hakuona wa kumficha. Alijilaumu, akamlaumu mzee, akamlaumu Mama Priscah, kisha akarudi kujilaumu. Alijaribu kutafuta maneno atakayomwambia Bravin na hakuyapata. Mama Roseline atakuwa amepika, anangoja kufungua mfungo wake baada ya habari njema. Mzee alikuwa akitazama mashamba ya miwa yakipita, kofia mapajani, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

Walipokaribia lango la nyumbani kwake Asumbi, Nicanor akajisogeza kitini.

"Dereva."

"Naam, Prof."

"Leo walikuwa wanamhoji msichana wangu. Lorine." Jina alilitamka kwa uangalifu, asije akalivunja. "Wewe ulikuwa mle ndani?"

Lorine akasimamisha gari kando ya ua. "Nilikuwa."

"Nilimsemea vizuri?"

Nyuma ya lango Mama Priscah alikuwa amesikia gari, anakuja akijifuta mikono kwenye leso. Mzee alikuwa amemgeukia Lorine, na wasiwasi ulikuwa umemjaa usoni, wasiwasi wa mzazi kabisa. Kisogoni, pale makasi yalipopita siku ile, nywele zilikuwa zimeota zamani, nyeupe zote.

"Ulimsemea vizuri, Prof," Lorine akasema.

"Basi watampa." Akashusha pumzi. "Lazima wampe. Ana mtoto mdogo, na bwanake ni fundi tu wa jua kali. Yule msichana ameteseka sana, wewe hujui." Akashika kitasa cha mlango, akakiachia, akakumbuka jambo. "Kesho ukija kunichukua, uje naye. Nataka kumpongeza mwenyewe."

"Nitakuja naye, Prof," Lorine akasema, akashuka kumfungulia mlango.